Bakuli la Kuonjea

Mizani ya kwanza niliyokabidhiwa kazini ilikuwa ya kutundika. Ilikuwa na ndoano juu na ndoano chini, na kaptula ya kitambaa yenye matundu mawili ya miguu. Mtoto aliingizwa humo, akaning'inia akilia mpaka mshale utulie. Hiyo ilikuwa Kiringye, katika bonde la Ruzizi, nikiwa nimetoka shule ya wauguzi na koti jeupe lililonizidi mikono. Kila Jumanne akina mama walikuja kutoka mashambani na watoto mgongoni. Mshale ukipanda gramu mia mbili tangu safari iliyopita, tulicheka pamoja. Ukishuka, tulinyamaza tukaandika. Miaka yangu ya kwanza yote nilikuwa nataka watu waongezeke.

Nawaandikia haya ninyi mnaobaki kituoni Kasenga kwa sababu mlinikuta nikishughulika na kinyume chake. Mliona rafu ya madaftari ya bluu katika chumba cha wagonjwa wa sukari na tansiyo, yaani presha, na kila mmoja wenu aliniuliza kwa wakati wake: kwa nini kila ukurasa umegawanywa kwa mstari katikati, na lile bakuli la plastiki lenye kifuniko, lililo kabatini karibu na kipimo cha tansiyo, ni la nani? Niliwajibu kwamba ni hadithi ndefu. Sasa nina muda.

Mstari wa katikati ni wa Papa Ezekieli, muuguzi mkuu wa Kiringye, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye biro mbili mfukoni, moja yake na moja ya kumwazima mtu asiyerudisha. Siku yangu ya tatu nilimwandikia kwamba mtoto fulani ananyonya vizuri. Akaniuliza kama nimemwona akinyonya. Nikasema mama yake ameniambia. Akachukua rula, akapiga mstari katikati ya ukurasa wangu.

"Kile anasema, andika kushoto," alisema. "Kile unaona weye mwenyewe, andika kuume. Na usitumie kuume kwa kumupiga mama wa kushoto."

Nilidhani ni mazoea ya mzee. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kuelewa kwamba alikuwa amenipa chombo bora kuliko vyote nilivyopata baadaye, vya umeme vikiwemo.

Nilipohamia Kasenga, wagonjwa walikuwa wengine. Watoto wembamba walikuwapo bado, lakini kwenye benchi lile lile walikaa mama zao wakubwa na baba zao wakubwa, magoti yakiuma, tansiyo juu, sukari juu. Mkufunzi alitujia kwa siku mbili kutufundisha kuhesabu kalori. Alikuja na kitabu cha picha nzuri sana. Kilikuwa na tufaha, jibini, vipande vya mkate uliokatwa kwa mashine. Hapakuwa na bugali. Hapakuwa na sombe, majani yetu ya muhogo. Samaki pekee aliyekuwamo hakuwa na kichwa.

Alipoondoka tulitengeneza kitabu chetu. Jumapili mbili mfululizo nilipika nyumbani huku nikipima kila kitu kwa mizani ya dawa niliyoazima, ambayo ilirudi ikinuka ndagala, jambo ambalo mhudumu wa dawa hajalisahau. Hatukutumia gramu kwa mgonjwa. Tulitumia ngumi ya bugali, kikombe cha gobele cha wali, kijiko cha supu cha mafuta ya mawese, samaki mukeke mmoja wa kuchoma, chupa moja ya sikre, kwa maana soda yetu tunaiita hivyo. Kila kipimo tulikiandikia kalori zake kwenye karatasi ukutani. Nilipoulizwa kalori ni nini, nilisema ni kuni. Zile unazochoma zimekwisha. Zile usizochoma umezipanga kiunoni.

Nakiri hapa kosa langu la kwanza. Watu waliniuliza, na siku ya fete, ya sherehe, tufanyeje? Nikawaonea huruma. Nikasema siku ya fete msiandike, wekeni msalaba tu. Baada ya miezi mitatu nilikusanya madaftari, na yalikuwa na misalaba kama makaburi. Nilikuwa nimesahau naishi wapi. Kuna kutoa mahari, kuna harusi yenyewe, ubatizo, komunyo ya kwanza, kuondoa matanga, diploma ya mtoto wa shemeji. Kuna Noeli, na kuna Idi, ambapo jirani Mwislamu anakuletea sinia ya pilau mpaka mlangoni na kusimama aone unafungua. Mgonjwa mmoja, shemasi, alikuwa na misalaba kumi na mmoja katika mwezi mmoja, na kila mmoja ulikuwa halali.

Basi nikaifuta sheria ile. Niliwaambia kwamba sizuii mtu kula kwenye fete. Nazuia ukurasa mweupe. Ule, ucheze, kisha uandike, na atakayeandika sana hatakemewa. Wengi walianza kupungua kuanzia hapo, si kwa kula kidogo sana, bali kwa kujua. Mtu akijua kwamba sikre tatu alizokunywa ni kama sahani ya pili, mara nyingine hunywa moja bila kuambiwa.

Ndipo akaja Mama Riziki.

Kama mmewahi kula harusini kati ya Kasenga na Makobola, mmekula mkono wake. Alikuwa kiongozi wa wapishi wa fete, mwanamke mpana, mwepesi wa miguu, anayeinua sufuria la watu mia bila kuita mwanaume. Kuinua huko kulikuwa kumemletea ngiri ya kitovuni, uvimbe wa ukubwa wa chungwa aliouficha chini ya kitenge. Daktari mpasuaji alikataa kumshona. Alimweleza kwamba kwa uzito wake ule mshono ungefunguka tena, na kwamba akiuacha uvimbe, siku moja utumbo unaweza kunasa humo, na hapo itakuwa mbio za kuokoa uhai. Alikuwa na kilo mia na kumi na mbili. Arudi akiwa na mia moja.

Sijawahi kuona daftari safi kama lake. Kila siku ilikuwa na saa, kipimo, kalori, na jumla iliyopigiwa mstari. Baada ya miezi mitatu alikuwa amepungua kilo mbili na kurudisha moja. Nilisoma kurasa zile mara nyingi. Siku za nyumbani zilikuwa za wastani. Siku za fete, zile ambazo kwa kila mtu zilikuwa mlima, kwake zilikuwa shimo. *Jumamosi, harusi. Chai bila sukari. Nusu ya mukeke. Maji.*

Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, kwamba Jumamosi ile alipikia watu mia tatu.

"Nilipika," alisema. "Sikukula."

"Hata kidogo?"

"Mama Muganga, minye siko muntu wa kula kwa fete ya bantu. Uliza yeyote."

Aliondoka ameumia, na sikumlaumu. Nikauliza yeyote. Niliuliza wapishi wake watatu, mmoja mmoja, na wote walisema neno lile lile, kwamba Mama hakai mezani. Kwao ni heshima ya kazi. Mpishi wa fete anayekaa na sahani anahesabiwa kuwa amekula nyama ya wageni. Kula ni kunawa mikono, kukaa na wenzako, kuzunguka sahani moja. Mama Riziki hakufanya hivyo hata siku moja.

Usiku ule nilifungua daftari lake nikaona ninachokosa. Upande wa kushoto ulikuwa umejaa. Upande wa kuume, kwa mkono wangu, hapakuwa na kitu.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na ubatizo, na nikajitolea kumenya vitunguu. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kisu mkononi, karatasi chini ya paja. Sufuria zilikuwa sita. Mama Riziki alipita kati yake kama askari wa barabarani. Kwa kila sufuria alichota upawa, akamimina kidogo katika kiganja, akalamba. Mara ya kwanza kwa chumvi, mara ya pili kwa kuiva, mara ya tatu baada ya kuongeza mafuta. Sombe ilikuwa nyekundu kwa mawese. Nyama ilihitaji kutafunwa ili ijulikane kama ni laini. Wapishi wengine nao walimwita, Mama kuja usikie hii, na alikwenda. Ukoko wa wali wa kwanza ulibanduliwa na ukagawanywa kwa wapishi wote, yeye kwanza. Nilikuwa nikiweka kijiti kwa kila kiganja. Saa sita mchana nilikuwa na vijiti arobaini na kimoja, na wali wa pili haujaiva.

Nikamwuliza, kama mtu anayepiga soga, amekula nini tangu asubuhi.

"Chai tu," alisema. "Si unaona mwenyewe."

Alinitazama usoni, bila kupepesa, na shavu lake la kushoto lilikuwa na kipande cha nyama. Mwanamke yule hakuwa anasema uongo. Kuonja ni kazi, kula ni kula, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba tumbo halijui tofauti.

Sikumwonyesha vijiti vyangu. Nilikumbuka onyo la Papa Ezekieli kuhusu kumpiga mtu kwa upande wa kuume. Jumatatu nilimpa bakuli la plastiki lenye kifuniko kutoka jikoni kwangu. Nilimwambia kwamba kwenye fete inayokuja asiandike chochote, kwa kuwa mikono ya mafuta na daftari havipatani. Kila atakachoweka kiganjani, atie kingine kama hicho katika bakuli. Basi.

"Nitakuletea iko tupu," alisema, akicheka.

Jumamosi alasiri alinitumia mtu wa pikipiki. Nilimkuta ameketi juu ya sufuria lililogeuzwa, wapishi wake wamesimama nyuma yake, na mbele yake bakuli limefungwa. Pembeni yake kulikuwa na beseni, kwa kuwa bakuli lilijaa kabla ya nyama kuiva. Alifunua. Wali, maharagi, sombe, mifupa midogo, ndizi, vyote vimekaa pamoja na mawese yamepanda juu.

"Minye njo nilikula hii?" aliuliza.

Kisha mmoja wa wapishi, Mama Furaha, mwenye ulimi mkali kuliko wote, akasema pole pole, "Mama, hii ni fete ya bantu watatu."

Walicheka, naye akacheka nao, lakini macho yake yalibaki ndani ya beseni. Akaniambia kwamba kwa miaka ishirini amewaapia watu kwamba yeye hali kwenye fete, na aliapa kwa jina la Mungu. Nilimwambia Mungu amemwona akifanya kazi. Tukachukua gobele, tukapima, tukajumlisha. Zilikuwa zaidi ya kalori elfu mbili, siku ya chai na nusu ya mukeke.

Msidhani baada ya hapo ilikuwa rahisi. Jina lake lote lilikuwa kwenye ulimi wake. Alianza kuonja kwa kijiko kidogo cha chai, mara moja tu, mwisho, na akawagawia wengine sufuria: maharagi ni ya Mama Furaha, sombe ni ya mwingine. Fete ya kwanza maharagi yalitoka bila chumvi, na wageni wakasema Mama Riziki anazeeka. Alikuja Jumatatu na neno hilo kifuani kama jiwe. Alipofika kilo mia na tano wakaanza jingine, maana kwetu mtu mnene ana amani nyumbani, na mtu anayepungua ana jambo. Walimwuliza kama mume wake anamnyima chakula. Walinong'ona kuhusu ugonjwa.

"Nilibaambia siko na ugonjwa," alinieleza, "niko na kaye." Na akaninyooshea kaye yenyewe, daftari lake la bluu, ukurasa wa Jumamosi umeandikwa: *kuonja, vijiko sita.*

Alikuwa na kilo mia na mbili pale mambo mawili yalipokutana. Mpasuaji alikuwa anaondoka kwenda masomoni mwaka mzima, na Jumatatu moja ilikuwa ya mwisho ya kupokea wagonjwa wa kushonwa. Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, binti yake Neema alikuwa anaolewa. Tena wiki ile ile uvimbe ulikuwa umemshika kwa maumivu asubuhi nzima kabla ya kurudi ndani. Hakumwambia Neema. Aliniambia mimi.

Ijumaa alipanda mizani yangu: mia moja na gramu mia nne. Akauliza kama afunge kula mpaka Jumatatu. Nilikataa. Nimeona waliofunga kabla ya fete. Wanafika mezani kama nzige. Isitoshe, mama wa bibi harusi hawezi kukaa bila kula. Kila ujumbe wa ukoo wa bwana harusi unakuja mbele yake na sinia, mkubwa wao anamlisha kwa mkono, na kufunga mdomo ni kukataa ukoo. Tulihesabu jumbe za kutoka Makobola, kwao bwana harusi. Zilikuwa saba. Tukaandika ukurasa wa Jumamosi kabla ya Jumamosi: chai na ndizi mbili asubuhi, matonge saba, mukeke wa kuchoma anaoupenda, gobele moja ya wali, maji badala ya sikre. Akaukunja ukurasa akauweka ndani ya sidiria, mahali salama kuliko benki.

Nilikuwa mwalikwa, meza ya tatu. Alipoingia na kuketi, kitu cha kwanza alichoweka mezani, kati ya maua ya plastiki na kipaza sauti, kilikuwa bakuli langu. Watu wakadhani ni zawadi.

Matonge saba yalikwenda vizuri. Kisha shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa sauti kubwa, akarudi mara ya pili na kiganja kizima cha nyama.

"Kula, mama mukwe. Au sisi batu ba Makobola hatujui kupika?"

Nilimwona Neema akimtazama mama yake. Nilimwona Mama Riziki akivuta bakuli karibu na kulifunua kwa heshima, kwa mikono miwili, kama anafungua kitabu cha sala.

"Shangazi," alisema, "minye nimeshiba mapendo yenu. Lakini huyu mwenzangu iko na njaa. Mulishe."

Shangazi akacheka mpaka kilemba kikasogea, akaiweka nyama katika bakuli, na akalipapasa kifuniko kama kichwa cha mtoto. Baada ya hapo meza nyingine zikaanza kuleta. Kila mtu alitaka kulisha bakuli. Lilikwenda Makobola jioni ile limejaa, kwa watoto wa shangazi, na lilirudi Jumatano limeoshwa, na ndilo lile mnaloliona kabatini. Bakuli lililomwumbua sasa lilikuwa linamlinda, na hakuna mtu aliyetukanwa.

Kisha akacheza. Alicheza kuanzia saa nane mpaka jua linaegemea ziwa, mkono mmoja juu ya kitovu, na sikuwa na kipimo cha kalori za kucheza ukutani. Gari la maharusi lilipoondoka aliomba biro yangu, akaandika ukurasa wake palepale juu ya kiti. Alikuwa ameongeza kipande kimoja cha keki kisichokuwa kwenye mpango. Alikiandika.

Jumatatu nilikwenda naye. Mizani ya mpasuaji ilikuwa ya kusukuma vyuma, ya zamani, isiyojua upendeleo. Mama Riziki alivua viatu, hereni, kilemba, na baada ya kufikiri akavua saa. Daktari aliweka chuma kwenye mia moja kamili. Mkono wa mizani ulitetemeka, halafu ukaanguka chini, maana mia moja ilikuwa nyingi kuliko yeye. Akasukuma chuma kurudi nyuma, akapima tena: tisini na tisa na gramu mia nane.

"Mama," alisema daktari kwa uso ule ule wa siku zote, "basi nitakupasua Alhamisi."

"Dokta, juu ya nini unasema kama habari ya kufiwa?"

Hapo ndipo nilipomwona mpasuaji yule akicheka, mara moja katika miaka yote niliyomjua. Alhamisi alishonwa. Mshono ulipona. Miezi mingi hakuruhusiwa kuinua sufuria, akajifunza kunyoosha kidole, na Mama Furaha anasema hiyo ilikuwa hatari kuliko ngiri.

Ninyi mlikuwapo kwenye fete ya kuniaga mliyonifanyia mwezi uliopita, lakini hamkuwa jikoni, basi niwaambie kilichotokea huko. Mama Riziki ndiye aliyepika. Nilipita nyuma ya nyumba kumsalimu kabla ya hotuba. Sufuria zilikuwa sita, na wapishi, kila mmoja na kijiko chake kidogo, walikuwa na mabakuli yao katikati. Wengine ni wageni kwangu, hawajawahi kunijua wala kuja kituoni. Hakuna aliyewaagiza tena. Ndivyo wanavyofanya kazi sasa. Mama Riziki alinifunulia bakuli lake: vijiko vitano. Tulisimama tukaviangalia, tukaongea habari za mjukuu wake wa kwanza.

Baadaye aliniletea sahani mwenyewe mpaka meza kuu, na juu ya sahani, badala ya kitambaa, daftari jipya la bluu.

"Kaye yako iko wapi miaka yote hii?" aliuliza, na meza nzima ikasikia.

Sikuwa nayo. Nimefundisha watu nusu ya maisha yangu kuandika siku za fete, na za kwangu sikuwahi kuandika hata moja. Nilipiga mstari katikati ya ukurasa wa kwanza, nikaandika upande wa kushoto: ngumi moja ya bugali, sombe, mukeke mmoja, sikre moja. Nikapiga jumla. Nilimpa asome. Alisoma kwa kidole, bila haraka, kama nilivyokuwa nikimsomea yeye.

"Na zile ndizi mbili za mawese," alisema, "ulikula mu jiko, umesimama?"

Nikachukua biro, nikaziandika upande wa kuume, upande wa anayeona.